Kabla hatujaambiwa ukuta ni imara, tuonyeshwe geji

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako. Najua barua zangu huwa ndefu na kuna moja mliikata mpaka mwenyewe sikuitambua, lakini hii nakuomba uipitishe nzima manake jambo lenyewe halisemeki kwa mistari mitatu.

Juzi nilikuwa kwa fundi pancha hapa Mtwapa, nangoja tairi la probox ya kijana wangu lizibwe, vijana wako kwa benchi na simu zao. Mmoja akanijia akasema mzee hebu tazama hii, wewe si mtu wa konkriti. Kumbe ni ile video ya ndege ya kivita inakimbizwa juu ya reli mpaka inagonga ukuta, ndege yote inakuwa unga, ukuta umesimama vilevile. Akasema umeona mzee, huu ndo ukuta wa nyuklia, watu wa Uyombo, kule Kilifi serikali ya Kenya ilikotaka kujenga kinu cha nyuklia, walikuwa wanaogopa bure. Mwenzake akamrukia palepale, ati hizo ni propaganda, nyuklia ni Chernobyl, kile kinu kilicholipuka, na maneno yameisha. Wakabishana mpaka tairi likawa tayari, na mimi niliyeitwa kwa ajili ya konkriti hakuna aliyeniuliza kitu. Ndo nakuandikia wewe.

Video ni ya kweli, nianze hapo. Jaribio lilifanywa tarehe 19 Aprili 1988 kule New Mexico, Marekani, na maabara ya Sandia, ndege ni F-4 Phantom, ilikuwa inakwenda kama kilomita 775 kwa saa. Lakini kile kilichogongwa si ukuta wa kinu chochote. Ni bonge la konkriti la unene wa mita 3.66, yaani mlaze mtu mrefu na mwengine mrefu umlaze kichwani pake ndo umefika upande wa pili, na bonge lenyewe halikufungwa chini, lilikuwa juu ya jukwaa linaloelea kwa hewa. Walichokuwa wanapima ni kishindo, ndege ikigonga inasukuma kwa nguvu kiasi gani, ili injinia arudi ofisini na namba ya kutia kwa hesabu zake. Walioitaka kazi hio ni taasisi moja ya Japani, Muto. Kuta za vinu vyenyewe nyingi ni mita moja na kitu. Sasa ukibeba video ile ukaenda nayo barazani kutuliza watu, umepima uzito wa nyundo alafu unatuambia habari za ugumu wa msumari.

Jaribio la maana lipo, na wamelifanya haohao Sandia, ila halina vumbi wala kishindo cha kupendeza ndo maana halizunguki kwa WhatsApp.

Tuelewane kwanza kinajengwa kitu gani. Pale moto wenyewe ulipo ni mtungi wa chuma. Nje yake inajengwa nyumba ya konkriti ya duara, juu ina kuba, ukiiona kwa mbali utadhani msikiti usio na mnara. Na kwa ndani, kwa vinu vingi, konkriti imewekewa bitana, kama koti, ila hii ni bitana ya bati la chuma lililochomelewa kipande kwa kipande kutoka chini mpaka juu ya kuba. Konkriti ndo misuli. Bitana ndo inayoshika hewa, manake konkriti hata iwe nzuri vipi hewa inapita, muulize yeyote aliyejenga tangi la maji akasahau plasta. Na kazi kubwa ya nyumba hii haiko nje kwa ndege, iko ndani: bomba likipasuka mvuke ukajaa, ule mvuke na sumu yake visitoke. Kwa hivo mimi naiona kama tairi. Inatakiwa ishike upepo.

Tarehe 28 Machi 1979, kwa kinu cha Three Mile Island, Pennsylvania, Marekani, gesi ya haidrojeni iliwaka ndani ya nyumba ya namna hii na presha ikaruka mpaka paundi 28, ambayo ndo ileile uliyotia asubuhi kwa gurudumu la probox, na nyumba ikashika. Chernobyl mwaka 1986 nyumba ya namna hii haikuwepo kabisa. Fukushima, Japani, 2011 ilikuwepo, ya muundo mwengine mdogo zaidi, joto na presha vikaishinda ikavuja, haidrojeni ikapanda kwa jengo la juu ikalipuka. Kwa hivo kuuliza ipo ama haipo hakutoshi. Itashika mpaka wapi, na ikishindwa itashindwa vipi? Hapo ndo mambo yanapoanza kuwa matamu kwa mtu kama mimi.

Hesabu ya karatasi haikujibu hilo. Lazima mtu ajenge moja aipasue. Na wamefanya hivo.

Mwaka 1987 walijenga ndogo, moja ya sita ya ile kamili, yenye bitana na mlango na matundu ya mabomba yote kama ya kweli. Ilisanifiwa ihimili paundi 46. Wakaanza kutia hewa kidogo kidogo wakipima, wakapita 46, wakapita presha ya tairi la lori, wakaenda mpaka 145, zaidi ya mara tatu ya ile iliyokusudiwa. Sasa wewe unangoja kuambiwa ilipasuka vipande vikaruka. Hapana. Bitana ndo iliyochanika, pale kando ya lile bati nene linaloshikilia mabomba yanayopita ukutani, na hewa ikaanza kutoka kupitia nyufa za konkriti kwa haraka kuliko inavyotiwa. Ukuta umesimama, tairi limepata pancha.

Lakini ile ya pili ndo inayoninyima usingizi, kwa raha lakini. Wajapani na Wamarekani walishirikiana, wakachukua ramani ya kinu cha Ohi namba 3 cha Japani wakaijenga moja ya nne. Hata hivo ilikuwa na kimo cha mita 16 na kitu, ukuta wa milimita 325, bitana ya milimita 1.6 tu, unene wa sarafu. Konkriti yake ni ya kukazwa na kebo, yaani ndani ya ukuta kuna kebo za chuma zimevutwa kwa jeki zikabana kama pete za pipa. Na kabla hawajatia hewa, wakaziita timu 17 kutoka mashirika ya nchi mbalimbali, kila timu ipige hesabu zake na kompyuta zake iseme itavuja wapi na kwa presha gani, majibu yakawekwa kwa kitabu KABLA. Hapo ndo napenda. Mtu anasema kwanza, alafu ukuta unamjibu.

Septemba 2000 wakatia naitrojeni. Ilipofika kama mara mbili na nusu ya presha ya usanifu ikaanza kuvuja, karibu na ule mlango mkubwa wa kuingizia vifaa. Wakaendelea kusukuma mpaka mara 3.3, hapo inavuja kiasi kwamba huwezi kuongeza tena, unatia kwa kijiko inatoka kwa sufuria. Wakafunga mitambo wakaingia kutazama.

Mhariri, unajua walichokuta? Bitana imechanika pahali pengi, sio pamoja, na karibu kote ni kando ya mishono ya weldingi. Na walipoangalia kwa makini, nyingi ya zile sehemu, bati lilikuwa jembamba kuliko kwengine. Kwa sababu gani? Grainda. Fundi alichomelea, mshono ukawa haukukaa sawa, akaurudia, alafu akapitisha grainda upate kuwa laini, na grainda ikala bati. Yaani timu 17 na kompyuta zao, na pale bati lilipoachia ni pale mtu mmoja alipobonyeza grainda sekunde kadhaa zaidi ili kazi yake ipendeze. Mimi nimesimamia mawelda miaka mingi na nikisoma hapo naisikia hata ile sauti ya diski. Welda mzuri akimaliza hataki mshono uonekane. Kumbe uzuri wenyewe ndo ugonjwa.

Walimalizia na jaribio jengine Novemba 2001, wakaziba ndani kwa ngozi ya mpira, wakaijaza maji karibu mpaka juu, wakasukuma tena wajue misuli yenyewe itakatika wapi. Ilifika mara 3.63, kebo zikaanza kukatika na kwa sekunde chache ukuta ukapasuka na maji yote chini. Hio nayo ina video, lakini kijana wa Mtwapa hakuniletea hio.

Sasa kuna mtu atasema bas, mara tatu na zaidi, inatosha, tujenge. Taratibu. Ile ilikuwa mpya. Konkriti haikuwa na miaka 40, haikukaa kando ya bahari. Mtu yeyote aliyejenga pwani anajua chumvi inavyofanya, inaingia taratibu inafika kwa chuma, chuma kinavimba, konkriti inabanduka kwa vipande, nenda katazame nguzo za nyumba yoyote ya ufuoni hapa. Koeberg, kule Afrika Kusini, kama kilomita 30 kutoka Cape Town, vinu viwili vya Kifaransa vilivyoanza 1984 na 1985, wamepambana na jambo hilihili, chumvi ya baharini kwa konkriti ya kuba. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walipokuja 2022 moja ya waliyowaambia ni kwamba vile vyombo vya kupima hali ya ukuta vifanye kazi yote sawasawa. Kile cha kwanza kiliongezewa leseni 2024 mpaka 2044. Sisemi ni vibaya. Nasema hata ukuta wa nchi yenye pesa na mainjinia unahitaji kutazamwa kila mara kama mgonjwa wa sukari.

Na kuna kinu cha Crystal River, Florida, Marekani. Kuba lilikuwa na zaidi ya miaka 30, limefaulu majaribio yake, ukuta wa inchi 42. Mwaka 2009 wakataka kubadilisha mitambo ya mvuke, mlango hautoshi, wakalegeza baadhi ya kebo wakakata tundu kubwa ukutani. Walipokata wakaona ukuta umeachana kwa ndani, tabaka kwa tabaka kama chapati, kwa nje huoni kitu. Wakarekebisha, 2011 wakati wa kukaza kebo tena ukaachana upande mwengine. 2013 wakasema hatuwashi tena. Kinu kizima kimekufa kwa ajili ya tundu. Geji ya presha ya miaka iliyopita haikuweza kuwaambia hayo, manake ukuta ulioupima si ukuta uliobaki nao baada ya kuugusa.

Wafaransa nao wamefanya ujanja ambao mimi nauvulia kofia. Karibu na Paris, pahali panaitwa Renardières, shirika lao la umeme EDF limejenga kuba la moja ya tatu linaloitwa VERCORS, kazi yake ni kuzeeka tu. Konkriti ikiwa nyembamba mara tatu inakauka haraka mara tisa, kwa hivo kila mwaka wa kuba dogo ni kama miaka tisa ya kuba kubwa. Wanaliona uzee wake kabla ya lile la kweli halijafika hapo.

Kwa kuba lenyewe linalotumika, huwezi kulipasua, kwa hivo kuna majaribio ya aina mbili na watu huyachanganya. La kwanza ni la nguvu, linafanywa kabla kinu hakijaanza: kwa kanuni za Marekani, kuba la konkriti linatiwa hewa mpaka asilimia 15 juu ya presha ya usanifu, wanapima limevimba kiasi gani (ndio, konkriti inavimba, milimita kadhaa), wanachora nyufa, alafu wanashusha waone kama limerudi lilipokuwa. La pili ni la kuvuja, na hili linarudiwa miaka yote. Zamani Marekani lilikuwa mara tatu kwa miaka kumi, baadaye likawa mara moja kwa kumi, na saa hii linaweza kwenda mpaka 15. Binafsi sikuupenda huo mwendo lakini wana sababu zao.

Hilo la kuvuja hebu nilieleze manake ndani yake kuna jambo ambalo ndo limenifanya nishike kalamu. Zinaletwa kompresa kubwa za dizeli, zinanguruma saa nyingi mpaka kuba limejaa. Alafu kila kitu kinafungwa na watu wanangoja, manake hewa ikiwa moto presha inadanganya, dereva yeyote anayepima tairi baada ya safari anajua. Ikitulia, vyombo vilivyotawanywa ndani vinasoma joto, unyevu na presha, wanapiga hesabu hewa iliyobaki ni kiasi gani. Kikomo kwa kuba nyingi ni kama asilimia 0.1 kwa siku, yaani kwa kila ndoo elfu za hewa isipotee zaidi ya moja. Haya, wamemaliza, namba imetoka nzuri. Wanapeana mikono waende nyumbani? Hapana. Wanafungua tundu makusudi. Tundu dogo wanalojua linatoa kiasi gani kwa saa, wanakaa tena na vyombo vyao kuona kama vitalisoma tundu hilo. Vyombo visipoliona, lile jibu zuri la mwanzo halina thamani.

Yaani wanajaribu jaribio lenyewe. Mimi miaka 31 kwa saiti sijawahi kuona mtu akifanya hivo.

Nilichoona ni hiki. Kuna jengo moja la ghorofa nilikuwa foromani, kontrakta simtaji na jengo silitaji, lina watu. Kwa wasiojua, siku ya kumwaga konkriti unachukua ileile inayomwagwa unajaza kwa kasha za chuma za sentimita 15 kila upande, unapata kyubu, unazitia kwa maji, siku ya 7 na ya 28 zinapelekwa lebu zinapondwa kwa mashine, namba inayotoka ndo cheti cha silabu yako, ile sakafu ya konkriti ya ghorofa. Sisi kyubu zetu zilikuwa zinatengenezwa kando, nyuma ya stoo, simiti ya kutosha, kokoto zilizooshwa, maji ya kipimo, zinapigwa vizuri. Sisi tuliziita kyubu za harusi. Silabu ilipata ilichopata. Lebu haikudanganya hata kidogo, mashine ilikuwa nzima na cheti ni halali kabisa, ila ni cheti cha konkriti ambayo haiko kwa jengo. Na mimi nilinyamaza, nilikuwa na watoto watatu shuleni, hio si sababu lakini ndo ilivokuwa.

Ndo maana nikisikia serikali ikisema kinu chetu cha kwanza, kile cha megawati 1,000 walichosema kingeanza kazi 2034, kitafuata viwango vya kimataifa, roho yangu haitulii wala haiogopi, inangoja tu. Uyombo watu walikataa 2024 wakapigwa na polisi, sasa maneno yamehamia Siaya upande wa Lwanda Kotieno, na kote huko ninachosikia ni salama, si salama, salama, si salama. Kule ni ziwa, chumvi haipo, sawa. Grainda ipo.

Tunayo sheria ya udhibiti wa nyuklia ya 2019 na mamlaka yake. Mimi ningetaka wale wanaokwenda kwa vikao vya maoni waache kuuliza ukuta una unene gani, wapewe jibu la mita moja na nusu warudi nyumbani wameridhika. Waulize nani atakagua mishono ya bitana na picha zake zitakaa wapi. Waulize siku ya kutia hewa, mtu asiyelipwa na mjenzi ataruhusiwa kusoma geji kwa macho yake ama ataletewa karatasi. Waulize zile namba za kuvuja zitatoka gazetini, hapa hapa kwako Mhariri, zote, hata ya mara ya kwanza ikifeli wakarudia. Na waulize lile tundu la makusudi, nani atalifungua, na atakuwa amemwambia anayesoma vyombo au hajamwambia.

Najua nitaambiwa nalinganisha ghorofa ya mtaani na kinu cha nyuklia, kule kuna mainjinia wa dunia nzima. Sawa. Kwa modeli ya moja ya nne pia walikuwepo.

Ile kazi ilipoisha niliondoka na kyubu moja iliyozidi, haikupelekwa lebu. Niko nayo mpaka leo, inazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo wa kusi. Tarehe imechorwa juu kwa msumari, inasomeka vizuri. Ni ya Jumapili, na Jumapili hio saiti ilikuwa imefungwa.

Foromani mstaafu,
Mtwapa